Ubao Uliotangulia Bahari

Enzi zile mji wa Shumbwe ulipokuwa na nyumba za mawe mia mbili na msikiti wenye kuba saba, na bunduki bado hazijajulikana katika pwani ya kusini, watu wa Kilambo waliuzingira kwa siku arobaini na tatu. Watunzi wa habari hupenda kusema arobaini, maana hesabu hiyo hukaa vizuri masikioni. Mimi nasema arobaini na tatu. Zile tatu za mwisho ndizo zilizouma, na sioni kwa nini tuzisamehe.

Shumbwe ilikaa kisiwani. Kati yake na bara palikuwa na mkono wa bahari ambao siku nyingi ulikuwa na maji ya kumzamisha mtu mrefu. Lakini kila mwezi ulipoandama, na kila ulipokuwa mpevu, zilikuja siku tatu za bamvua, maji yakakupwa mno, na fungu la mchanga likatokeza toka pwani hii hadi ile. Hapo watu huvuka kwa miguu. Watu wa Kilambo walikuwa wamekwisha kuchoma vyombo vyote vya Shumbwe, kisha wakapiga kambi kwenye tambarare ya mchanga mwisho wa kivuko hicho. Walikuwa zaidi ya elfu moja, wenye ngao za ngozi ya kiboko na mikuki ya mipini mirefu, nao hawakuwa na haraka. Ghala la Shumbwe lilibakiwa na mtama wa siku sita.

Aliyekabidhiwa kuuvunja mzingiro ule ni Sadala bin Mbwana, amiri wa jeshi, kijana wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye sauti ya chini isiyolingana na cheo chake. Alikula yamini mbele ya msahafu kwamba bamvua lijalo atavuka na watu mia tatu, wala hatageuza uso mpaka akanyage mchanga wa Kilambo. Na sheria ya mji ilikuwa kali: amiri akigeuka njiani huvuliwa kilemba hadharani na kufukuzwa.

Sadala hakuwa na baba wala mama. Aliyemlea ni dada yake, Mwana Jaha, mjane asiyejaliwa mtoto, mwenye majaruba arobaini ya chumvi upande wa kusi wa kisiwa. Mama yao alipofariki, Sadala alikuwa hajaanza kutambaa. Mwana Jaha alimbeba mgongoni huku akikokota chumvi kwa reki ya mti, akamsomesha, akamwoza, na katika dunia hii pana hakuwa na mtu mwingine aliye wake. Siku Sadala alipokula yamini ile, watu walishangilia. Mwana Jaha alishika tama.

Hakuwa anaogopa mikuki. Alikuwa anaiogopa bahari, na nitaeleza kwa nini.

Mtengeneza chumvi hufungulia maji ya bahari yaingie jarubani, kisha huliachia jua kazi. Siku saba za jua kali, chumvi imeganda. Mwaka ule jua liliwaka siku kumi na mbili mfululizo, hakuna wingu, hakuna tone la mvua, na chumvi haikuganda. Jarubani palibaki uji mzito usiokauka. Chumvi kavu ya zamani, iliyowekwa ndani ya vikapu ghalani, ilianza kutoa machozi na kudondoka chini. Maana yake hewa ilikuwa imekunywa maji mpaka imeshiba, haikuweza kunywa tena. Na kila alfajiri Mwana Jaha alipotia mkono kwenye mfereji, kama alivyofundishwa na bibi yake, maji yalikuwa moto. Si vuguvugu la kawaida. Yalikuwa moto kama maji ya kuoshea mzazi, alfajiri, kabla jua halijatoka.

Kisha yakaja mawimbi. Upepo haukuwepo kabisa, hata jani la mnazi halikutikisika, lakini toka kusini yalikuja mawimbi marefu, mapana, yakifuatana polepole, yakapiga miamba ya nje kwa kishindo kilichosikika msikitini. Juu, mawingu membamba yalijinyoosha yote yakitokea sehemu moja ya upeo. Ndege wa pwani walikwisha kuondoka. Mwana Jaha alisimama jarubani akatazama kule yatokako mawimbi.

Siku mbili kabla ya bamvua alijifunga ukaya wake kichwani, akaenda barazani kwa Jumbe Mngumi, mtawala wa mji.

Jumbe alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kanzu ya hariri ya Kambaya, toka Bara Hindi, na macho ya usingizi yasiyolala. Kulia kwake aliketi Mwalimu Kitete, mkuu wa miongo. Hapa nisimame kidogo. Watu wa Shumbwe waliugawa mwaka katika makumi thelathini na sita, kila kumi likiitwa mwongo, na mwisho wa mwaka wakaongeza siku tano za kufunga hesabu. Hesabu hiyo iliwekwa kwenye ubao wa mpingo wenye matundu, na kila alfajiri Mwalimu alihamisha kijiti cha pembe tundu moja mbele. Ubao ndio uliosema lini wapande, lini watoe ushuru, lini vita itoke. Na ubao ulisema kwamba mwongo wa ishirini na mbili ukiisha, tufani hazipo tena. Kijiti siku hiyo kilikuwa kwenye mwongo wa ishirini na nne. Kwa hesabu ya ubao, bahari ilikuwa salama tangu siku kumi na tano zilizopita.

Mwana Jaha alieleza juu ya chumvi, juu ya mawimbi, juu ya joto la maji. Wazee walimsikiliza kwa adabu tu. Mmoja alimuuliza joto la maji lina shauri gani na upepo, na yeye akajibu kwa kitu alichokijua tangu utotoni, jiko lake la kuchemshia chumvi.

"Jikoni moto ukikolea, hewa iliyo juu yake hupanda," alisema. "Ikipanda, pale chini panabaki pungufu, na hewa ya mlangoni inakimbilia ndani kujaza. Ukikaa mlangoni unaisikia inavyokupita. Sasa bahari imekuwa jiko. Inapumua mvuke usiku na mchana, hewa inapanda, na hewa ya pande zote inakimbilia huko huku ikizunguka. Kila ikizunguka juu ya maji yale ya moto inaongeza nguvu. Na panapopungua hewa, wazee wangu, bahari yenyewe huinuka. Msitarajie maji kukupwa bamvua hili. Mtavusha watu mia tatu kwenye shimo."

Mwalimu Kitete alimwambia kwa upole kwamba ubao hauna nafasi ya tufani katika mwongo ule.

Ndipo Mwana Jaha alipotoa neno lililomponza. Alisema ubao umetangulia. Bibi yake alikuwa akifungulia majaruba mwongo wa kumi na moja, mama yake mwongo wa kumi na mbili, na yeye sasa hufungulia wa kumi na tatu unapokwisha, na hakuna aliyebadili kazi. Jua ni lile lile na kivuli cha mti wa mlangoni huangukia jiwe lile lile. Tangu ubao uchongwe, alisema, umekimbia mbele ya bahari kwa miongo mitatu. Kwa bahari, huu ni mwongo wa ishirini na moja, na mlango wa tufani uko wazi.

Mwalimu Kitete alisimama.

"Babu wa babu yangu alikitia kijiti hiki tundu la kwanza," alisema. "Nyumba yetu ina miaka mia na ishirini na minne. Watu wamekufa, wengine wamezaliwa, kijiti hakijawahi kuruka siku moja. Hata siku niliyomzika mwanangu nilikihamisha kwanza. Kama wanawake wa majarubani wamezidi kuchelewa kuamka mwaka hadi mwaka, usiulaumu ubao, mama."

Wazee walicheka. Na lililo baya ni hili: Mwalimu hakusema uongo. Kijiti hakikuruka siku hata moja. Lakini mwaka wa jua una siku mia tatu sitini na tano na robo, na robo ile hakuna aliyeichongea tundu. Kila miaka minne ubao uliiacha bahari nyuma kwa siku nzima. Uaminifu wa nyumba ile ndio uliowapoteza, na mpaka leo nikifikiri hivyo roho inaniuma kwa ajili ya yule mzee.

Jumbe alisema vita itatoka kama ilivyopangwa.

Jioni ile Mwana Jaha alimfuata ndugu yake nyumbani, akamkuta akinoa panga barazani, mkewe mwenye mimba ya miezi saba amekaa ndani. Hakumwomba asiende. Alijua yamini ni yamini. Alimwomba kitu kimoja tu. Katikati ya kivuko palikuwa na nguzo ya alama, na siku ya bamvua maji yakikauka sawasawa, hapo nguzoni, palipo chini kuliko pengine pote, hubaki ya kufika kifundo cha mguu tu.

"Yakikufika kiunoni, geuza watu," alimwambia.

"Unajua watanifanya nini, dada."

"Najua. Watakufukuza. Mtu aliyefukuzwa ninaweza kumfuata nikamwona."

Sadala aliendelea kunoa panga. Mwana Jaha aliondoka roho mkononi.

Siku ya pili ya bamvua, saa nne ya asubuhi, siwa ya pembe ilipulizwa na watu mia tatu wakateremka ufukoni. Walivaa vikoi vya pamba iliyofumwa mjini, wamejifunga masombo viunoni, vifua wazi, panga na mikuki mkononi, ngao begani. Mbingu ilikuwa na rangi ya shaba. Mwana Jaha alisimama juu ya ukuta wa jaruba la mwisho, mahali anapokiona kivuko chote, na alichokiona kwanza ni kwamba fungu la mchanga halikutokeza. Bamvua lilikuwa limefika, mwezi ulikuwa mpevu, na maji hayakuondoka.

Watu waliingia hivyo hivyo. Aliyekuwa mbele ni Sadala, kilemba chake chekundu kikionekana. Maji yaliwafika magotini karibu na pwani, mapajani walipokwenda mbele. Walionusurika walisimulia kwamba maji yalikuwa moto hata wengine wakaona haya kutokwa na jasho huku wamesimama baharini. Mawimbi marefu yaliinua miguu yao toka mchangani, yakawashusha, yakawainua tena. Hewa ilikuwa nzito hata masikio yakawaziba.

Walipofika nguzoni maji yalikuwa kifuani mwa Sadala.

Alisimama. Mbele yake aliona kambi ya Kilambo, watu wakijipanga na ngao zao, umbali wa kurusha mshale mara tatu na zaidi. Nyuma yake watu walikwisha kuinua mikuki juu ya vichwa isilowe. Alitazama kusini, akaona ukuta mweusi umesimama baharini, mwisho wake hauonekani huku wala huku. Mpiga siwa, aliyekuwa bega kwa bega naye, alisema baadaye kwamba amiri alifumba macho kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha akamwambia apulize ya kurudi.

Mwana Jaha aliisikia siwa, akakaa chini pale pale ukutani.

Watu wa Kilambo nao waliisikia. Waliona migongo, na nani anayeona migongo ya adui akabaki mahali pake? Waliacha kambi yao wote, wakaingia majini wakipiga mayowe, elfu nzima. Sadala alibaki wa mwisho akiwasukuma watu wake mbele, akimshika huyu shingo na yule mkono. Upepo ulifika kabla hawajagusa nchi kavu. Haukuvuma ukaongezeka, ulikuja wote kwa mara moja, na maji yakaja chini yake yakiinuka, si wimbi bali bahari nzima ikipanda. Watu mia mbili hamsini na tisa wa Shumbwe walitambaa mpaka majarubani wakang'ang'ania kuta. Arobaini na mmoja hawakufika. Wa Kilambo walikuwa katikati ya mkondo wakati ule, na tambarare waliyoiacha nyuma yao ilikwisha kufunikwa. Tufani ilipiga hadi kesho yake adhuhuri. Ilipokoma, upande wa pili hapakuwa na kambi wala mtu.

Mji ulikuwa umeokoka. Siku ya tatu baada ya tufani Jumbe alimwita Sadala pamoja na dada yake, bila wazee, bila walinzi. Mwalimu Kitete alikuwapo, amejikunyata, hakuinua macho.

Jumbe alianza kwa kushukuru. Kisha akasema kuna jambo dogo la kuweka sawa. Sadala amegeuka njiani, na sheria inajulikana. Akimsamehe, watu watauliza sababu, na sababu ni kwamba ubao umekosea.

"Kwa ubao ule napata ushuru, na kwa ubao ule watu wanapanda," alisema. "Nikikiri leo kuwa umepotea miongo mitatu, kesho kila mtu atakuwa na ubao wake. Lakini iko njia. Ijumaa utasimama msikitini, useme Mwalimu aliiona tufani ubaoni, akakuagiza kwa siri uingie majini na ugeuke, ili adui akufuate. Hapo hukuvunja yamini. Hapo wewe ni shujaa. Na dada yako atashuhudia."

Sadala alimtazama dada yake. Nadhani alimfikiria mkewe, na mimba ile ya miezi saba, na njia ya bara isiyo na nyumba. Siwezi kumcheka, hujui ungefanya nini wewe. Alisema atasema.

Mwana Jaha alisema yeye hatasema. Jumbe hakukasirika hata kidogo. Alimwambia bamvua lijalo kivuko kitakuwa kikavu, avuke, asirudi.

Ijumaa Sadala aliapa mbele ya msahafu, na mtunza habari wa mji akayaandika maneno yake kitabuni: kwamba ubao wa Shumbwe uliijua bahari kabla bahari haijajijua. Alivikwa joho la dhahabu. Siku dada yake alipoondoka, Sadala alimfuata ufukoni, akiwa na joho lile lile, analia waziwazi.

"Ni maneno tu, dada. Yaseme, ukae na sisi."

"Nilitaka uwe hai, na u hai," Mwana Jaha alimjibu. "Sina deni na Mungu. Lakini wale arobaini na mmoja niliwajua kwa majina, na mama zao wananunua chumvi kwangu. Siwezi kuwaambia kwamba ubao uliwaona."

Alivuka. Alifanya makao kijiji cha Chakuru, juu ya mwinuko, mwendo wa nusu siku toka kivukoni, akachimba majaruba mapya, akazeeka huko. Hawakuonana tena. Yeye hakuitwa, na Sadala, kwa haya, hakuja.

Ikapita miaka kumi na tisa. Mwalimu Kitete alikufa na mwanafunzi wake akashika kijiti. Asubuhi moja yenye rangi ya shaba alitokea mlangoni kwa Mwana Jaha msichana mkubwa mwenye uso anaoujua, amelowa toka kichwani, nyuma yake mama yake na majirani, watu kumi na wanane kwa jumla. Baba yake, Sadala, ndiye aliyewapitisha kivukoni usiku maji yakiwa yanapanda, mpaka walipofika nchi kavu, kisha akarudi mjini kugonga milango ya watu.

Mwana Jaha aliwaingiza ndani, akawapa nguo kavu. Msichana alisimulia. Siku tatu baba yake alikuwa akitia mkono majini. Jana alikwenda barazani akawaambia watu wauhame mji. Ubao ulikuwa kwenye mwongo wa ishirini na tano, wakamshangaa. Jumbe, mzee sasa, aliagiza kitabu kiletwe, kikasomwa kile kiapo cha Ijumaa, neno kwa neno, kisha akamuuliza amiri mbele ya wote kama anakikana.

"Akajibu nini?" Mwana Jaha aliuliza.

"Alisema ndiyo, shangazi. Alisema, 'Siku ile nilisema uongo, dada yangu ndiye aliyesema kweli.'"

"Na wao?"

Msichana alikuwa akikamua maji toka nywele zake. Upepo ulikuwa umeanza kuingia chini ya mlango.

"Walisema mtu aliyeapa uongo msikitini hawezi kuaminiwa tena, wakamwambia akae chini."